Kumsoma Kipa Kijana wa Hoki ya Barafuni Kabla ya Drafti

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wa makipa, wasaka vipaji wenzangu, na hasa ninyi mnaoianza kazi hii msimu huu, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo nimelitumikia kwa miaka mingi na ambalo bado linaninyima usingizi kila mwezi wa Juni unapokaribia, mwezi wa drafti, yaani uteuzi wa kila mwaka ambamo klabu huchagua vijana kwa zamu: namna ya kumtazama kipa wa hoki ya barafuni mwenye umri wa miaka 17 au 18, na kuiambia klabu kwa dhamiri safi kama kijana huyo anastahili kuteuliwa, na kama anastahili, ateuliwe katika raundi ipi.

Hoja yangu ni moja, na nitaishikilia tangu mwanzo hadi mwisho. Kipa kijana anasomeka vizuri zaidi kabla ya mkwaju kupigwa kuliko baada ya kupigwa. Ukijua macho yake yalikuwa wapi, miguu yake ilifika mapema kiasi gani, na mwili wake ulikuwa umetulia au ulikuwa bado unahangaika pale kisahani, yaani kile kidude cha mviringo kinachochezewa badala ya mpira, kilipoondoka kwenye gongo la mshambuliaji, umeshajua mengi kuliko yule aliyehesabu mikwaju iliyookolewa. Mambo mengine yote nitakayoyasema leo, yawe ya takwimu, ya kimo, ya afya au ya mahojiano, yanaizunguka hoja hiyo.

Tuanze na ugumu wenyewe, kwa kuwa msaka vipaji asiyeukubali huishia kupiga ramli. Ligi ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, ina timu 32, na kila timu huwa na makipa wawili kikosini, maana yake ni kwamba duniani kote kuna takriban nafasi 64 tu za kipa katika ligi hiyo, na nusu yake ni za akiba. Mshambuliaji kijana anaweza kuingizwa katika mstari wa nne, yaani kundi la nne la washambuliaji wanaopokezana uwanjani, apewe dakika nane kwa mechi, na ajifunze polepole mbele ya macho ya kocha. Kipa hana mstari wa nne. Ama yuko langoni kwa dakika zote 60, ama ameketi. Kwa sababu hiyo makipa wengi hufika katika ligi kuu wakiwa wamevuka miaka 22, na wengine hufika wakikaribia 26, ilhali kanuni ya drafti inamruhusu kuteuliwa kijana yeyote atakayetimiza miaka 18 ifikapo tarehe 15 Septemba ya mwaka huo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya msimu tunaoutumia kumtathmini, kijana huyo ana miaka 17. Tunaulizwa juu ya mtu mzima wa miaka 24 huku tukimwangalia mtoto ambaye mifupa yake haijamaliza kukua.

Historia inatuonyesha jinsi pengo hilo lilivyo pana. Katika drafti ya mwaka 2000, New York Islanders walimchukua Rick DiPietro kuwa chaguo la kwanza kabisa, baada ya kumwachia Roberto Luongo, ambaye wao wenyewe walikuwa wamemteua wa nne mwaka 1997, aende Florida. Katika drafti hiyohiyo, chaguo la 205 lilikuwa la New York Rangers, nao wakamtaja kijana wa Uswidi, Henrik Lundqvist. DiPietro alikuwa na kipaji cha kweli, lakini nyonga na magoti vilimsaliti. Lundqvist aliachwa aendelee kukomaa nchini kwake, akafika New York mwaka 2005, akashinda mechi 459 akiwa na klabu hiyo moja, na mwaka 2023 akaingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa hoki. Mwaka 2012 Andrei Vasilevskiy alichukuliwa wa 19 na Tampa Bay Lightning, na hakuna aliyejuta. Lakini katika drafti hiyo kulikuwa na Connor Hellebuyck, aliyekuwa akidaka katika ligi ya vijana mjini Odessa, jimboni Texas, ambaye mwaka uliotangulia angeweza kuteuliwa na hakuna klabu iliyomtaja. Winnipeg Jets wakamchukua wa 130. Leo Hellebuyck ana tuzo tatu za Vezina, tuzo ya kipa bora wa msimu, za 2020, 2024 na 2025, na mwaka huo wa 2025 alipata pia tuzo ya Hart ya mchezaji bora wa ligi nzima. Pekka Rinne wa Ufini alikuwa chaguo la 258 mwaka 2004. Sergei Bobrovsky hakuteuliwa kamwe. Philadelphia Flyers walimsajili mwaka 2010, na tangu hapo amepata tuzo mbili za Vezina na kuliinua Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, mara mbili mfululizo akiwa na Florida Panthers, mwaka 2024 na 2025.

Wapo wanaoyatumia majina haya kudai kwamba kuteua kipa ni mchezo wa pata potea, na kwamba klabu yenye busara isimguse kipa katika raundi ya kwanza. Naielewa hofu hiyo, na nimeona jinsi ilivyotawala: katika drafti za 2022, 2023 na 2024 hakuna kipa hata mmoja aliyetajwa katika raundi ya kwanza. Hata hivyo siikubali. Marc-André Fleury alikuwa chaguo la kwanza kabisa mwaka 2003, naye alilibeba Kombe la Stanley mara tatu. Carey Price alikuwa wa tano mwaka 2005, uteuzi ambao wengi waliushangaa kwa sababu Montreal tayari walikuwa na kipa hodari, na miaka kumi baadaye Price akashinda Vezina na Hart katika msimu mmoja. Ninachokisoma katika majina yote hayo ni kwamba tumekuwa tukiyaona mambo yanayoonekana kwa urahisi, yaani kimo, wepesi na matokeo, na kuyapita yale yanayohitaji subira ya jicho.

Nizungumzie matokeo kwanza, maana ndiyo yanayotupotosha kwa haraka zaidi. Kila ripoti ina asilimia ya uokoaji, na vijana wengi wanaoingia katika kazi hii huisoma kama alama ya mtihani. Tuipime kwa hesabu ya kawaida. Chukua kipa ambaye uwezo wake halisi ni kuokoa mikwaju 910 katika kila 1,000. Msimu mmoja wa ligi ya vijana unaweza kumpa mikwaju inayokaribia idadi hiyo. Hesabu ya bahati nasibu inatuambia kwamba, bila uwezo wake kubadilika hata chembe, si ajabu kumwona akiokoa 901 msimu huu na 919 msimu ujao. Mwenye 901 anaitwa wa kawaida na mwenye 919 anaitwa nyota, ilhali ni mtu yuleyule. Ongeza kwamba kipa mmoja anacheza nyuma ya mabeki wanaofunga njia zote za katikati, na mwingine anacheza nyuma ya timu inayopoteza kisahani katika eneo lake kila dakika, na utaona kwa nini takwimu peke yake haiwezi kukuambia nani ni nani. Siwaambii muitupe. Takwimu zinazozingatia mahali mkwaju ulikopigwa na pasi iliyoutangulia zimetusaidia sana katika miaka ya karibuni, na klabu isiyo na mtu wa kuzichambua imejinyima msaada mkubwa. Nawaomba tu mzitumie kuuliza maswali: kama takwimu inasema kijana ni bora kuliko jicho lako lilivyomwona, rudi ukamtazame tena, na kama inasema ni duni, rudi vilevile.

Sasa tuingie kwenye jicho lenyewe. Lango la hoki lina upana wa sentimita 183 na kimo cha sentimita 122. Mkwaju unaosafiri kwa kasi ya kilomita 130 kwa saa kutoka mita sita unafika langoni kwa muda usiotimia sehemu mbili za kumi za sekunde, muda ambao hautoshi kwa mwanadamu kuona, kuamua na kusogeza mkono. Ndiyo maana wepesi wa mikono, unaowafurahisha watazamaji, una mpaka wake. Kwa mikwaju ya karibu kipa huokoa kwa sababu mwili wake tayari ulikuwa mahali ambapo kisahani kilikuwa kinakwenda, na ulikuwa pale kwa sababu aliusoma mchezo kabla.

Tazameni tukio moja ambalo mtaliona karibu kila usiku wa mechi. Timu pinzani ina mchezaji mmoja zaidi kwa sababu ya adhabu. Kisahani kipo kwa mchezaji aliyesimama karibu na ukuta, upande wa kushoto wa kipa. Katikati kuna mshambuliaji anayemziba kipa macho, na upande wa kulia, nje kidogo ya mduara wa kuanzishia mchezo, mpigaji hodari anasubiri huku gongo lake likiwa limeshainuliwa. Pasi inakata katikati ya uwanja kutoka kushoto kwenda kulia, ikivuka ule mstari wa kufikirika unaoligawa eneo la mbele ya lango mara mbili, mstari ambao kipa wa zamani wa NHL, Steve Valiquette, aliupa jina la Njia ya Kifalme. Hakuna pasi inayomtesa kipa kuliko hiyo, kwa kuwa inamlazimu ageuze kichwa, asukume mguu, asafiri, na asimame tena kabla ya kupigwa mkwaju.

Sasa wawazeni makipa wawili. Wa kwanza, kabla pasi haijatolewa, ametupa jicho mara moja upande wa kulia na kulirudisha kwenye kisahani. Alishajua mpigaji yuko wapi. Pasi inapotoka, kichwa chake kinageuka kwanza, mabega yanafuata, kisha mguu wa nyuma unasukuma kwa msukumo mmoja, naye anafika akiwa bado amesimama, makali ya viatu yakiwa yameshashika barafu. Mkwaju unamgonga kifuani, kisahani kinabaki chini ya mikono yake, na refa anapuliza filimbi. Wa pili hakutazama kulia. Pasi inamkuta bado anahangaika kuchungulia kwenye msitu wa miguu; anajitupa, anapasua miguu, anatoa mkono wa glavu nyuma ya mwili wake, na kisahani kinaingia ndani ya glavu. Ukumbi mzima unasimama. Siku inayofuata picha zake ziko kila mahali.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, na uokoaji wa yule kipa wa kwanza ni kitu kilichoundwa kwa hatua nne ambazo hakuna aliyezishangilia. Ndiye ninayemwandika juu. Wa pili simdharau, kwa sababu uwezo wa kuokoa lililokwisha kuharibika ni mali, na hakuna kipa wa ligi kuu asiye nao. Lakini nikiona kwamba anauhitaji kila baada ya dakika chache, najua kwamba katika ligi ambamo pasi ni za kasi zaidi na wapigaji hawasubiri, muda huo wa kujitupa hataupata.

Kwa sababu hiyo nawashauri mbadilishe namna mnavyotumia macho yenu uwanjani. Mtu wa kawaida hufuata kisahani. Ninyi, kwa vipindi virefu, mkiache kisahani na mmfuate kipa tu, hata kisahani kikiwa upande wa pili, mita 50 kutoka kwake. Je, anatoka na kusogea mbele kadiri mchezo unavyokwenda mbali, kisha anarudi kwa mpangilio mchezo unaporejea? Anazungumza na mabeki wake? Anatazama saa ya adhabu, akijua ni lini mchezaji wa upinzani atatoka kwenye kiti cha adhabu na kuingia nyuma ya mabeki? Kipa anayefanya mambo hayo akiwa na miaka 17 ana akili ya mchezo ambayo huwezi kumfundisha kirahisi. Mkao wa pedi za miguuni unaweza kusahihishwa na mwalimu mzuri katika kiangazi kimoja.

Kuna jambo jingine ambalo jicho la haraka hulikosa, nalo ni kile kinachotokea kwa kisahani baada ya kuokolewa. Kipa anayetema kila mkwaju katikati, mbele ya lango lake, anaiomba timu yake imwokoe mara ya pili. Kipa mzuri ama humeza, ama hupangua kuelekea kona kwa makusudi. Hesabuni hilo. Msihesabu mabao yaliyotokana nalo, kwa sababu mabeki wazuri wanaweza kulificha msimu mzima. Hesabuni kisahani kilikwenda wapi. Na kisahani kikishatemwa, tazameni nyonga na magoti: anainuka kwa mguu upi? Anayeinuka siku zote kwa mguu mmoja, bila kujali kisahani kimekwenda upande gani, ana kasoro ambayo wapigaji wa ligi kubwa wataigundua kabla ya mwezi kwisha.

Karibu kila kipa wa leo anacheza mtindo wa kipepeo, magoti yakiwa chini na pedi zikiwa zimetandazwa pande mbili, mtindo ambao Glenn Hall alikuwa mmoja wa waanzilishi wake na ambao Patrick Roy aliueneza katika miaka ya 1980 na 1990. Umekuwa mazoea kiasi kwamba vijana wengi hushuka magotini kabla ya wakati. Mchezaji hodari hungoja tu. Hushika kisahani kwa muda mfupi zaidi, kipa anashuka, na nafasi ya juu ya mabega inafunguka. Subira ya kubaki umesimama hadi mkwaju uondoke kwenye gongo ni mojawapo ya dalili ninazozithamini kuliko zote, na ni mojawapo ya zile zinazoonekana vizuri hata katika ligi dhaifu, kwa kuwa haitegemei ukali wa mpigaji.

Kuhusu kimo nitasema machache, kwa maana kila mmoja wenu amesikia ya kutosha. Makipa wengi wa ligi kuu wana sentimita 188 au zaidi, na mwili mkubwa hufunika nafasi ambayo mwili mdogo lazima uifikie. Huo ni ukweli wa kipimo. Lakini Juuse Saros wa Nashville ana takriban sentimita 180, aliteuliwa wa 99 mwaka 2013, na amekuwa kipa namba moja wa klabu yake kwa misimu kadhaa, kwa sababu anafika mapema na amesimama. Kijana mrefu asiyefika mapema ni lango kubwa lililo wazi kwapani na kati ya magoti. Kimo kiandikwe, lakini kisiandikwe kwanza.

Mahali pa kuketi pana maana kuliko vijana wengi wanavyodhani. Ukiketi kwenye mstari wa katikati, kama walivyo watazamaji wengi, utaona mchezo lakini hutaona pembe za kipa. Kipindi cha kwanza nenda nyuma ya lango, juu kidogo, uone anachokiona yeye. Kipindi cha pili keti upande wa kona, uone kina chake, yaani anatoka umbali gani kutoka kwenye mstari wa lango. Na tafadhali fikeni mapema. Rinne alipokuwa kipa wa akiba huko Oulu, Ufini, waliomtaka walilazimika kumsoma sana wakati wa kupasha misuli kabla ya mechi, kwa sababu mechi zenyewe hakupewa. Katika dakika zile za kupasha misuli kipa hupigiwa mikwaju mingi kwa mfululizo, na ni hapo unapoona kama macho yake yanakifuata kisahani hadi kinapomgusa, au yanakiacha njiani.

Mtazameni pia katika hali zisizomfaa. Ligi za vijana za Kanada huwapa wachezaji safari ndefu za basi na mechi za siku mbili au tatu mfululizo, na kipa wa usiku wa tatu, mwenye miguu mizito, ndiye anayekuonyesha tabia zake halisi, kwa sababu uchovu huondoa kila kitu ambacho bado hakijawa mazoea. Mtazameni timu yake inaposhinda kwa mabao sita na mikwaju inakuja mmoja kila baada ya dakika saba. Umakini wa namna hiyo ni kazi ngumu. Na zaidi ya yote mtazameni baada ya kufungwa bao baya. Wengi hutazama uso wake, kama amekasirika au amevunja gongo. Mimi hutazama miguu. Kipa aliyetikisika hurudi nyuma nusu hatua, karibu na mstari wa lango, mahali anapojihisi salama, na kwa kurudi huko anampa mpigaji nafasi zaidi ya kulenga. Huenda uso wake ni mtulivu kabisa na benchi lake linaamini hajali. Ukiona kwamba katika mikwaju mitatu au minne inayofuata bado anatoka hadi mahali pake pa kawaida, basi andika hivyo kwa kalamu nzito.

Wale mtakaokwenda Ulaya mkumbuke kwamba kijana wa Uswidi, Ufini au Ucheki anaweza kuwa ameketi kwenye benchi la timu ya watu wazima kwa nusu ya msimu, akidaka mazoezini dhidi ya wanaume wa miaka 30 na kucheza mechi chache tu za vijana. Mechi zake chache si ushahidi dhidi yake. Zungumzeni na mwalimu wake wa makipa, kwa maana nchi za Nordiki zimejenga utaratibu wa kuwafundisha walimu hao kwa umakini mkubwa, nao humjua kijana tangu utotoni. Mashindano ya dunia ya vijana wa chini ya miaka 18 na yale ya chini ya miaka 20 yanasaidia, lakini yasiwalevye; ni wiki mbili au chini ya hapo, na kipa yeyote anaweza kung'aa au kuzama katika wiki mbili. Huko Amerika Kaskazini, tangu Agosti 2025, vyuo vikuu vya Marekani vinaruhusiwa kuwapokea waliocheza katika ligi kuu za vijana za Kanada, jambo ambalo zamani liliwafungia njia. Kwa kipa hii ni neema kubwa, kwani anaweza kuendelea kudaka hadi miaka 22 au 23 bila kuharakishwa. Mnapoandika ripoti, andikeni pia njia mnayomwona akiipita kijana, na miaka atakayoihitaji, maana klabu isiyo na miaka hiyo ya kumpa haimfai hata kama yeye anaifaa.

Suala la afya naliomba lichukuliwe kwa uzito na kwa utu. Mtindo wa kipepeo hugeuza nyonga kuelekea ndani maelfu ya mara kila mwezi, na matatizo ya kiungo cha nyonga yanajulikana sana miongoni mwa makipa. Kijana anayebadilisha namna ya kuinuka katikati ya msimu, au anayeanza kuegemea mlingoti wa lango upande mmoja zaidi ya mwingine, anaweza kuwa na maumivu anayoyaficha kwa sababu anajua drafti inakaribia. Hapo mtu wa kazi yetu ana wajibu kwa mtoto kabla ya wajibu kwa klabu. Zungumzeni na walezi wake na madaktari kwa njia zinazoruhusiwa, na msimsukume kamwe acheze ili ninyi mpate kumwona.

Mwishoni mwa msimu huja vipimo na mahojiano mjini Buffalo, ambako vijana walioalikwa hupimwa pumzi, nguvu za miguu na kuruka, bila kuvaa viatu vya barafu. Vipimo hivyo vinaonyesha nidhamu ya mazoezi, na kwa kipa havionyeshi zaidi sana ya hapo. Mahojiano ndiyo hazina. Achaneni na maswali ya mitego. Mwombeni awasimulie bao moja alilofungwa msimu huu, lolote analotaka, kisha nyamazeni. Yupo atakayeanzia kwenye mkwaju: ulikuwa mkali, ulipita juu ya glavu, basi. Na yupo atakayeanzia mbali, pale kisahani kilipopotea katikati ya uwanja, aeleze beki yupi alikuwa amechoka, mpigaji alikuwa wa mkono wa kulia au wa kushoto, yeye mwenyewe alikuwa anatazama wapi, na ni kwa nini mguu wake ulichelewa. Huyo wa pili anauona mchezo kabla ya mkwaju, na amewaambia kwa kinywa chake kile mlichokuwa mkikitafuta msimu mzima kwa macho.

Kisha inabaki kazi ya kuandika na kuitetea ripoti ndani ya chumba cha uteuzi. Kitengo cha usakaji vipaji cha ligi huwapanga makipa katika orodha yao peke yao, mbali na wachezaji wengine wa uwanjani, na mpango huo una hekima, kwani hakuna kipimo kimoja kinachoweza kuwalinganisha. Lakini siku ya drafti orodha mbili lazima ziwe moja, na mkurugenzi atawageukia awaulize: kipa huyu au beki yule? Msimvike kijana kilemba cha ukoka ili jina lenu likumbukwe, na msinyamaze kwa kuogopa kukosea. Semeni mlichokiona, usiku upi, katika ligi ipi, na dhidi ya nani. Semeni ni nini kinachoweza kufundishwa na ni nini ambacho tayari anacho. Semeni atakuwa tayari lini. Na akishateuliwa, iwe ni katika raundi ya pili au ya saba, msiifungie ripoti kabatini: mkabidhini mwalimu wa makipa wa klabu nakala yake nzima, pamoja na kasoro zote mlizozibaini na mikanda ya video ya mechi mlizomtazama, ili kiangazi hichohicho kijana aanze kufanyia kazi ule mguu anaouinukia na ile nusu hatua anayorudi nyuma.

Niko tayari kupokea maswali yenu. Asanteni sana kwa kunisikiliza.